Kilo Sitini na Nane za Kuni

Mbuzi ya nazi ya marehemu mke wangu, Winifrida, waliichukua mlangoni kwangu Jumanne asubuhi. Watu wa kaunsili, yaani halmashauri ya mji huku ughaibuni. Wakabandika karatasi: kitu cha mbao kwenye korido ni hatari, kinaweza kuwaka moto. Nikapiga simu kuuliza wameipeleka wapi. Wakasema kwenye mtambo wa joto, ikachomwe.

Mimi nimeishia darasa la saba, lakini hilo nililirudia mara tatu na bado halikuingia kichwani.

Mtambo huo ndio unaotupashia joto nyumba zote huku kwetu. Zamani ulikula makaa ya mawe tu, siku hizi wakubwa wanauchanganyia mbao, ati kwa ajili ya hewa. Na ile mbuzi Winifrida aliitoa kwao Muheza, akaipakata kwenye ndege hadi huku. Kila asubuhi naikalia nikivaa viatu. Nguo zake dada yake alishabeba zote. Kilichobaki ni hiyo.

Nikapanda basi hadi mtamboni, huko nyuma ya mtaa wa Neasden. Getini nikamkuta mpokea mizigo, Telesphor, Mhaya mmoja wa makamo, na kitambi chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimefuata mbuzi yangu."

"Ya nazi? Nimeiona ikipita! Ipo kwenye rundo, haijafika motoni. Ila mzee wangu, kompyuta hii haina wageni. Ina wafanyakazi, na ina kuni."

"Basi niandike kuni!"

Nilisema kwa hasira. Yeye akaandika. Akataka na anwani, maana kila mzigo lazima ujulikane ulikotoka. Akanisimamisha kwenye mizani ya malori: kilo sitini na nane. Halafu akanibana kiganja kwa kidude cha kupimia unyevu wa kuni.

"Mh. Mbichi sana, mzee. Daraja la tatu."

"Miaka sabini na moja, mbichi?"

"Wakubwa ndio walileta mashine. Mimi nasoma tu."

Rundo lile nililipanda kwa magoti na mikono, vibanzi vikinichoma. Nikaliona jino la chuma la mbuzi linang'aa, nikaivuta, na kijiko cha mashine kikapita hapohapo kukomba. Nikarudi getini nimeikumbatia.

"Mzee, pana shida," akasema Telesphor. "Kuni zikiingia hazitoki. Kwenye kompyuta wewe umeshaungua."

"Nifungulie."

Akageukia ukutani kama mtu anayepiga chafya. Geti likafunguka.

"Nenda, mzee. Mimi sijaona majivu yakipita."

Alhamisi mabomba ya joto nyumbani yakawa ya baridi. Ijumaa ikaja barua: mpangaji ametumika kama kuni hadi akaisha, kwa hiyo joto limekatwa, na mji unamshukuru.

Winifrida alipofariki niliwapelekea cheti mara nne. Miezi minane bado wanamwandikia yeye habari za mapipa ya taka. Mimi, siku tatu tu wameamini nimeungua!

Na barua yenyewe wamemwandikia nani? Winifrida. Wanampa pole kwa kufiwa na mume.

Nimevaa makoti mawili. Mbuzi nimeiweka ndani sasa, nimeikalia, nimemsomea barua yake yote. Hapo penye pole nimepasoma mara mbili. Alipokufa yeye, mimi hawakuniandikia.