Klovisi Shingoni mwa Ngole

Specioza Bujiku alikuwa na wafalme wa Ufaransa ndani ya kabati la duka lake la steshenari, pale Bariadi mjini, nyuma ya rimu za karatasi, na kama kuna mtu aliyeona jambo hilo ni la ajabu, mtu huyo hakuwa Specioza. Alikuwa na Karoli Mkuu na ndevu zake, Louis wa Kumi na Nne na nywele zake za kubandika, Napoleon aliyenuna, mpaka Jenerali de Gaulle na ile pua ambayo ukishaiona huisahau. Zote ni sarafu za kumbukumbu, za madini ya fedha, zilizotengenezwa miaka hii hii ya karibuni. Ukienda nazo sokoni hupewi hata kiberiti.

Alianzia kwa de Gaulle. Shemeji yake Eliaichi, mume wa mdogo wake, ni dereva wa watalii Serengeti, na siku moja mzee wa Kifaransa alimwachia sarafu hiyo kama ahsante. Eliaichi akaona haina kazi, akampa shemeji yake. Specioza akauliza, huyu ni nani? Alipojibiwa akauliza kabla yake alitawala nani, na kabla ya huyo je? Mtu akishaanza maswali ya namna hiyo, amekwisha.

Sasa albamu yake ilikuwa imejaa isipokuwa nafasi ya kwanza kabisa, nafasi ya Klovisi, aliyefungua mfululizo ule wa watawala. Alishamwagiza mara mbili. Mara ya kwanza kifurushi kilipotelea njiani, mara ya pili akaletewa Louis, na akina Louis alikuwa nao wa kumwaga. Kila akifungua albamu macho yake yalikimbilia lile pengo, kama ulimi unavyokimbilia jino lililong'oka. Akaapa kwamba Klovisi atampata kwa udi na uvumba.

Ndipo Eliaichi akampigia simu, anacheka hata maneno hayatoki vizuri.

"Shemeji, yule mfalme wako unayemtafuta yuko Bukundi. Yuko shingoni mwa ng'ombe."

Specioza akadhani anataniwa. Lakini Eliaichi aliapa kwamba jina amelisoma kwa macho yake. Masika yaliyopita gari lake lilizama kwenye tope huko Meatu, mzee mmoja aitwaye Maduhu akalivuta kwa maksai wake, na mgeni wa Kifaransa aliyekuwa ndani akatoa mfukoni sarafu hiyo kama shukrani. Mzee alikwenda nayo dukani ikakataliwa. Akampa fundi aitoboe, akaifunga kwa kamba ya ngozi shingoni mwa ng'ombe wake, karibu na kengele.

Neno "aitoboe" lilimchoma Specioza moyoni, lakini kesho yake alikuwa ndani ya basi.

Alimkuta Mzee Maduhu amekaa kwenye kigoda mlangoni pa zizi. Akapiga goti kama alivyolelewa.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, ng'wanone. Mhola?"

"Mhola duhu," akajibu, kwamba ni kwema tu.

Akaletewa maji. Na hapo ndipo duka lilipomtawala kichwani: kabla hajayanywa, kabla hajauliza habari za watoto wala za malisho, akasema, "Baba, nimekuja kununua ile sarafu ya shingoni mwa ng'ombe. Unaiuzaje?"

Mzee akayatazama yale maji ambayo hayajaguswa.

"Wewe ng'wana wa nani?"

"Wa Bujiku, wa Migato."

"Bujiku ndiye aliyekufundisha kununua kamba ukamwacha ng'ombe?" Akamwonyesha kwa fimbo ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe usoni, aliyekuwa na mimba changa. "Mgeni aliniambia huyo kwenye chuma ni mtemi wao wa zamani. Basi ng'ombe nikamwita Ngole, mke wa mtemi. Huyu alikuwa anatupa mimba. Nimemfunga mtemi wake, hii ya sasa imeshika. Nikimfungua leo na mimba ikatoka, utakuja kuirudisha kwa sarafu zako?"

Specioza akaaga. Alirudi Bariadi amejawa na aibu, maana alijua kosa lake: alikuwa ameingia kwenye boma la Msukuma kama anaingia dukani.

Mwingine angeishia hapo. Yeye akapiga moyo konde akarudi, safari hii na sukari na majani ya chai, akazungumza habari za mvua na pamba tu, akaondoka. Akarudi tena, akazungumza habari za mvua. Siku nyingine tena, mzee alipomwona anashuka kwenye bodaboda, akashika kichwa.

"We mwanamke, huchoki?"

"Kuchoka sijui, baba."

"Basi mchukue Ngole ukanitunzie."

Kwa Wasukuma hilo si jambo geni. Mwenye ng'ombe wengi huwagawa wengine kwa watu wamtunzie. Maziwa ni ya mtunzaji, ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe, na ukitunza vizuri unashukuriwa. "Azae kwako salama," mzee akasema, "ndama aache kunyonya, ndipo tuzungumze habari za shingo."

Specioza hakuwa ameshika kwato tangu alipoondoka Migato kwenda kusoma. Akakubali kabla akili haijamfikia.

Ngole akaletwa kwa Fuso, akafungwa kwenye kibanda alichojengewa uani, ukingoni mwa mji. Specioza akajifunga kibwebwe. Alfajiri anakata majani, jioni anabeba maji na mashudu ya pamba, katikati anauza kalamu akinuka samadi. Siku moja kamba ilikatika, Ngole akaingia dukani akala mitihani ya shule nzima iliyokuwa imetoka kwenye mashine, na Specioza akairudia yote bure. Wateja hawakumwacha. "Mama, leo tunapiga kopi au tunakamua?" Alicheka nao, akaendelea kufagia.

Aliyemsumbua zaidi ni Abdulrazak, mhasibu aliyehamia Bariadi kutoka Tanga, mkusanyaji mwenzake. Huyo sarafu zake huzishika kwa glavu, na jasho la kidole analiona kama tindikali. Alipoletwa uani akamtazama Klovisi: tundu juu ya kichwa, mikwaruzo, tope kavu kwenye herufi za jina. Akafumba macho kama aliyeonyeshwa ajali.

"Dada Specioza, sarafu iliyotobolewa ni maiti."

"Basi ni maiti yangu."

"Na kama unamtaka hivyo hivyo, si umfungue tu? Yuko uani kwako. Funga kitu kingine cha kung'aa, mzee atajuaje?"

Tuseme kweli, Specioza alilifikiria. Jioni ile alipompelekea Ngole maji, vidole vyake vilifika kwenye fundo vyenyewe. Ngole hakutikisika, alimpumulia tu mkononi pumzi ya moto, kwa imani ya mnyama anayejua nani humlisha. Specioza akaona haya kuliko siku ile ya Bukundi. Akauondoa mkono.

Ngole alizaa mwanzoni mwa kiangazi, jike, jekundu kama mama yake. Specioza aliketi chini kwenye majani akalia kwa furaha, na usimuulize kama alikuwa anamlilia ndama au Klovisi.

Ndama alipokaribia kuacha kunyonya, Abdulrazak akaja dukani anatabasamu, akaweka mezani kasha dogo la plastiki. Ndani yake Klovisi mwingine, mzima, safi, anang'aa kama maji. Alikuwa amempata kwa mkusanyaji wa Dar.

"Nipe Louis wako mmoja wa ziada, yule wa Kumi na Nne, tubadilishane. Mrudishie mzee ng'ombe wake upumzike."

Specioza akalishika kasha, akamgeuza yule Klovisi mbele na nyuma. Alikuwa mzuri, hilo hakulikataa. "Nisubiri mpaka Jumamosi," akasema. "Mzee anakuja."

Jumamosi Mzee Maduhu alifika. Hakumtazama ndama kwanza. Alikwenda moja kwa moja shingoni mwa Ngole, akalipapasa lile fundo kwa vidole vyake, taratibu, mwanzo hadi mwisho.

"Fundo langu," akasema. Akageuka. "Wabeja, ng'wana Bujiku, ahsante sana. Mtamba huyu ni wako."

Mtamba! Mtamba mmoja ni mwanzo wa zizi, na Msukuma hakatai zizi.

"Baba, mtamba nenda naye. Mimi naomba mtemi."

Mzee akacheka hadi akakohoa, akafungua kamba kwa mkono wake mwenyewe. Specioza akampokea Klovisi, kisha akamwomba asubiri kidogo. Akaingia dukani, akatoa kabatini Louis wa Kumi na Nne wa ziada, akavuka barabara hadi kwa fundi chuma. Abdulrazak, aliyekuwa amekuja na kasha lake, akamfuata mbio.

"Dada, usifanye hivyo! Huyo ndiye wa kubadilishana!"

"Ngole hawezi kurudi Bukundi mjane," Specioza akasema, akamwambia fundi atoboe.

Louis akafungwa shingoni, mzee akakaza fundo jipya, Fuso likaondoka na Ngole na bintiye. Uani kukawa kimya. Specioza akaifungua albamu, akamweka Klovisi katika nafasi ya kwanza, na tundu lake, na harufu yake ya zizi.

"Umeharibu mfululizo mzima," Abdulrazak akasema kwa uchungu wa kweli. "Na huyu wangu je, huyu mzima?"

Specioza akapitisha kidole juu ya wafalme wote, mmoja mmoja, bila glavu, akarudi mpaka wa kwanza.

"Hawa wengine nilipewa au nilinunua," akasema. "Huyu nimemchunga."