Vilima Viwili vya Saa Nne

Profesa Florian Mutayoba alifundisha fizikia miaka thelathini na minne bila kugundua kitu chochote, na hakuna aliyemlaumu. Wengi hawagundui. Lakini mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu alianza kugundua kila siku saa nne asubuhi, Jumatatu mpaka Ijumaa, na hapo ndipo kazi yangu ilipoongezeka.

Mimi naitwa Machibya, fundi wa maabara. Maabara yenyewe ni chumba kimoja cha chuo, hapa Mwanza upande wa Buswelu, kimejengwa juu ya mwamba. Ndani kuna meza ya jiwe iliyochongwa na fundi wa makaburi wa Mkuyuni, ambaye mpaka leo tukikutana ananipa pole na kuuliza marehemu alizikwa wapi. Jiwe limelala juu ya mipira minne ya ndani ya matairi ya lori, ili mitikisiko ya nje isifike mezani. Kuijaza upepo ni kazi yangu, na mwaka ule mzima nilikuwa sijaijaza.

Juu ya jiwe kuna leza, vioo vidogo na kopo la chuma lililonyonywa hewa yote. Ndani ya kopo kuna utando. Huwezi kuuona unene wake. Ni mwembamba kuliko unywele mara elfu moja. Leza inaumulika, utando unatetemeka, na mwanga unaorudi unatuambia umetetemeka kiasi gani. Ni sauti, ila ndogo kiasi kwamba hakuna sikio la kuisikia, kwa hiyo tunaisikiliza kwa mwanga. Hivyo ndivyo nilivyomweleza mke wangu, Mama Evelina, nyumbani. Alisema sawa.

Profesa alikuwa anatafuta ngazi. Kitu kikubwa, tuseme bembea, unaweza kukiongezea mwendo kidogo kidogo utakavyo. Kitu kidogo sana hakikubali. Kinapanda ngazi nzima au hakipandi kabisa. Ili kuziona ngazi hizo kwenye utando kama wetu, wenzetu wa nje hupoza vyombo vyao mpaka ubaridi ambao haupo mahali popote duniani isipokuwa umeutengeneza mwenyewe. Sisi tulikuwa tunaziona Buswelu, joto nyuzi ishirini na nane, feni imezimwa.

Zilionekana hivi. Kwenye skrini kuna mstari. Tangu saa mbili asubuhi mstari umelala tu, na mimi naukodolea macho. Saa nne Profesa anatoka darasani, anavua viatu mlangoni, anaingia na soksi zake za kijivu. Kabla hajafika kwenye kiti, mstari unatoa vilima viwili, kimoja nyuma ya kingine, nusu sekunde katikati. Halafu unalala tena. Profesa akitoka kunywa chai na kurudi, hakuna kitu. Ni saa nne tu, na ni yeye tu.

"Kwenye mambo madogo namna hii, kutazama ni kugusa," aliniambia. "Ukikiangalia, hakibaki kama kilivyokuwa."

"Mbona na mimi nautazama, Profesa?"

"Wewe unatazama saa, Machibya."

Kuhusu kwa nini vilima havikurudi baada ya chai, alisema mtazamo wa kwanza ndio wenye nguvu, wa pili utando umeshamzoea. Kuhusu kwa nini ni viwili na si kimoja, aliandika kurasa kumi na nne. Makala nzima ilikuwa iende kwenye jarida mwishoni mwa Mei. Juni anastaafu. "Jambo moja tu lenye jina langu," alikuwa akisema, "moja tu, halafu nirudi Bukoba nikapalilie migomba." Alikuwa amenenepa kidogo. Alianza kupiga mluzi kwenye korido, mzee wa Kilutheri mwenye miaka sitini na nne.

Nami nilitimiza wajibu wangu. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika kila kilichotikisika saa nne. Lori la mchanga limepita. Upepo wa ziwani. Mbuzi wa mlinzi amepanda mwambani. Nani ametembea chumbani zaidi ya Profesa: hakuna. Miezi saba niliandika hakuna, na ningeapa mbele ya hakimu.

Mtu wa tatu chumbani alikuwa Precious Shimba, mwanafunzi wa uzamili, mtoto wa Kisesa, huko karibu na Bujora. Alikaa kwenye kompyuta, hatua moja na nusu kutoka mezani. Jina lake lilikuwa la pili kwenye makala. Miezi saba hakukosa siku hata moja, hata katikati ya Mei alipoanguka na bodaboda Mkuyuni. Jumatatu yake alikuja vilevile, magoti yote mawili yamefungwa bandeji, anatembea kama mtu mwenye viatu vya kuazima.

Wiki hiyo vilima vikapotea. Jumatatu hakuna, Jumanne hakuna. Jumatano Profesa aliingia, akatoka, akaingia tena, akaukazia mstari macho kama anayetaka kuutisha. Hakuna. Alhamisi hakupiga mluzi. Aliniuliza kama macho ya mtu yanaweza kuzeeka kwa ghafla hivyo, nikamwambia sijui, nikaona huruma mpaka chai ikanishinda.

Ijumaa Precious alikuja na bandeji moja. Saa nne mlango ukafunguka, na skrini ikatoa kilima kimoja.

Kwa bahati, wakati huo macho yangu hayakuwa kwenye skrini wala kwenye saa. Nilikuwa namtazama Precious, kwa sababu nilikuwa nataka kumwomba kalamu. Alikuwa ameteleza kutoka kwenye kiti, ametua goti la kulia kwenye sakafu, la kushoto lenye bandeji ameliacha hewani, anasema, "Shikamoo, Profesa."

Kwao mtoto wa kike hamwamkii mtu mzima akiwa amesimama. Anapiga magoti. Alimpigia Profesa magoti kila siku saa nne, mara moja kwa siku kama salamu inavyotaka, la kulia halafu la kushoto, kilo sitini kwenye saruji, mbele ya meza iliyokaa juu ya mipira isiyo na upepo. Mimi nilikuwepo. Nilimwona kila siku na sikuwahi kumwandika, maana kwetu kupiga magoti si kutembea, ni adabu. Profesa naye ni mtu wa Kagera, ambako dada zake na shangazi zake wamepiga magoti maisha yao yote. Aliziona salamu zile kama unavyouona mlango ukifunguka.

"Kimoja!" Profesa alikuwa anapaza sauti. "Machibya, umeona? Imebadilika! Naongeza ukurasa. Jumatatu naituma." Akatoka na soksi, viatu akavisahau.

Nikasogeza kiti. "Precious, leo umempigia Profesa goti moja."

"Samahani, Kaka. La pili bado linauma."

"Si kosa. Tazama." Nikamwonyesha kilima, halafu nikamwonyesha goti lake.

Ana akili kuliko mimi. Haikuchukua hata dakika. Aliziba mdomo kwa mkono.

"Miezi saba?" akauliza.

"Miezi saba."

Halafu akasema, "Kaka, basi niendelee tu mpaka Juni."

"Uendelee na nini?"

"Kumpigia magoti. Akishastaafu naacha."

Mtu mwenye msimamo angekataa palepale. Mimi nilifikiria. Nilifikiria Ijumaa yote na Jumamosi yote, na Jumapili kanisani sikumbuki waliimba nini. Nilichoona ni hiki: makala ikitoka, watu wa nchi nyingine watatengeneza utando kama wetu, watakaa mbele yake, na hakutakuwa na mtu wa kuwapigia magoti. Hawataona kitu. Watasema yule mzee wa Mwanza alikuwa mwongo. Profesa ni mambo mengi lakini si mwongo, na mimi nampenda. Nikampigia Precious simu, nikamwambia hivyo.

"Basi nitamwambia mimi," alisema. "Magoti ni yangu."

"Utamwambiaje?"

"Sijui, Kaka."

Jumatatu alikuja bila bandeji. Saa nne Profesa aliingia na makala mkononi, imechapwa, imebanwa pembeni. Precious akasimama wima, mikono imeshikana mbele.

"Shikamoo, Profesa."

Niliona aibu kana kwamba amevua nguo. Mama yake angekuwepo angemchapa, mkubwa alivyo. Mstari haukutoa kitu.

"Marahaba," Profesa alisema. Akaitazama skrini. Akamtazama Precious. "Magoti bado yanauma?"

"Hapana, Profesa. Yamepona."

Nilimwona akielewa. Niliitazama saa: kati ya jibu lile na alipoanza tena kusogea zilipita sekunde kumi na moja. Mtu anaweza kufikiria mengi katika sekunde kumi na moja, hasa akiwa profesa. Halafu akaweka makala juu ya kiti.

"Turudie," akasema.

Precious akaanza kukunja magoti.

"Hapana. Wewe simama hapo hapo. Lazima tujue kama ni magoti au ni wewe."

Profesa akashika ukingo wa kiti, akajishusha. La kulia likagonga. Likafuata la kushoto, kwa kuchelewa, maana ni bovu kwa uzee. Skrini ikatoa vilima viwili vilivyoachana, safi kuliko vyote vya miezi saba.

Precious hakuvumilia. Mtoto wa mtu hawezi kusimama juu ya mwalimu wake aliye chini. Aliporomoka pale alipokuwa, magoti yote kwa pamoja, na mstari ukaruka mpaka ukatoka nje ya kipimo. Wakabaki wanatazamana juu ya saruji. Mimi nilikuwa kwenye kiti na sikujua niangalie wapi.

"Nilidhani dunia imeanza kuniitikia," Profesa akasema. "Kumbe ulikuwa wewe, unaniamkia."

"Nilikuwa mimi, Profesa. Naomba unisamehe."

"Nikusamehe kwa kunisalimia?"

Akacheka kidogo. Kisha akaichukua makala pale kwenye kiti, akaikunja katikati, akaiweka sakafuni chini ya goti lake bovu ili asiumie, na akaanza kulia. Alilia bila sauti, mabega tu. Nikageukia skrini, kwa mazoea ya kazi, na mstari ulikuwa umelala.