Gari la Jumatano

Mama alitakiwa kwenda hospitali kusafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mafuta yalipopanda bei, kila ikifika Jumatano akawa anajisikia mzima. Ukimuuliza, anakwambia leo yuko fiti, nendeni mkafanye kazi zenu, huku anavuta shuka ili tusione miguu ilivyovimba. Muuguzi alishanivuta pembeni akaniambia mwili wa mgonjwa kama huyu hauna likizo, siku ikirukwa moyo unalemewa.

Nikaamua gari letu liuzwe. Lilikuwa na injini kubwa, na uzee juu yake. Likipanda mlima wa hospitali, mshale wa mafuta unauona ukishuka kwa macho yako.

Mimi nafanya kazi kituo cha mafuta. Sisi wa pampu mambo ya injini hatuyajui sana, ila tunajua nani karudi. Kuna magari yanakuja kila siku mpaka dereva unamjulia hali ya watoto wake, na kuna mengine unayajaza halafu yanapotea, unadhani mwenyewe kahama mji. Nikawa natafuta gari la kupotea namna hiyo. Mimi ni mtu wa maneno machache, wateja wengine wananiita Bubu, lakini kwa ajili ya Mama nilianza kuuliza. Ukijaza unakwenda wapi? Ni tambarare au mlima? Unabeba watu wangapi?

Dereva mmoja wa teksi, anayeitwa Taratibu, alinisifia gari lake la haibridi kama mtu anayetafutia mwanawe mchumba. Lina injini ya petroli na mota ya umeme, akasema, na kila akikanyaga breki umeme unarudi kwenye betri, kwa hiyo foleni ya mjini kwake ni neema. Kisha akataka kujua sisi tunapita wapi. Nilipomwambia barabara kuu na mlima, akakuna kidevu. Kwenda kule breki ni chache, faida itapungua, na haibridi kuukuu betri ikichoka mtalia ukoo mzima. Nikaifuta haibridi kichwani, ingawa nilikuwa nimeshaipenda.

Kaka, ambaye ni fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa na lake moyoni: gari refu, linalosukumwa na magurudumu yote manne. Fedha tulichanga wote, ila sauti yake ni kubwa kuliko yangu. Jumamosi tukaenda yadi ya magari, sisi wawili, Mama, na Shangazi, ambaye hakualikwa lakini hajawahi kukosa safari yenye kiti.

Kaka alipanda lile refu akakaa usukanini akitabasamu peke yake. Muuzaji hakumficha. Alisema kuzungusha magurudumu manne kunataka vyuma vya ziada, na vyuma hivyo gari linavibeba hata kwenye lami kavu. Kama huna matope, unalisha mafuta kitu usichokitumia. Kaka akauliza, mlima je? Mimi nikaonyesha gari dogo la bluu lililobanwa ukutani, la aina ile inayojaza kituoni kwangu na kupotea.

Lilikuwa na injini ndogo na gia boksi ya mkanda. Muuzaji akaeleza kwamba ndani hakuna gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, bali mkanda unaozunguka kati ya puli mbili zinazotanuka na kubana, ili injini ikae pale inapofanya kazi bila kupoteza mafuta. Kaka alilizunguka kama mtu aliyeletewa mtoto wa jirani amlee.

"Hili likipanda mlima na Shangazi ndani, mimi natembea kwa mikono."

"Utembee basi, shati lishuke tulione hilo tumbo," Shangazi akamjibu.

Muuzaji akasema tuzunguke mtaa mmoja tu, inatosha. Nilihisi uso unawaka, lakini nikamwambia:

"Hatununui gari tupu. Tunapanda wote mpaka hospitali, au tunaondoka."

Akakubali. Tulipita kwanza kituoni kwangu, nikalijaza mpaka pampu ikajikata yenyewe. Kisha tukaondoka, Kaka usukanini, muuzaji kando yake, sisi wanawake nyuma tumebanana, Shangazi akilalamika kwamba kiti kimeshonwa kwa ajili ya watu wenye njaa.

Mlimani injini ikaanza kunguruma kwa sauti moja. Kaka alizoea gari la gia, kwamba sauti inapanda, gia inaingia, sauti inashuka. Alisubiri gia iingie, haikuingia. Akaondoa mguu, gari likalegea. Akakanyaga, likanguruma, akaondoa tena. Nyuma yetu lori likapiga honi. Akasogea pembeni akasimama, akasema tumeona wenyewe, gia inateleza, turudi tukachukue lile refu. Muuzaji alijaribu kumweleza, hakusikilizwa.

Hapo Mama akaniegemea, akasema kwa upole, "Tusihangaike, mwanangu. Jumatano huwa siumwi."

Nikafungua mlango, nikazunguka mpaka upande wa dereva.

"Kaka, naomba usukani."

"Wewe? Unaogopa hata kuligeuza gari pale nyumbani."

"Naogopa. Naomba usukani."

Alishuka. Leseni ninayo, ila sijapata kuendesha watu wakinitazama. Nikakanyaga mafuta taratibu, sauti ikapanda, ikasimama palepale. Masikio yote mawili yaliniambia ondoa mguu. Kaka nyuma naye aliniambia niondoe, naliua gari la watu. Sikuondoa. Sauti haikubadilika, lakini nguzo za umeme zilianza kutupita kwa haraka zaidi na zaidi, mpaka geti la hospitali likawa mbele yetu.

"Ndivyo linavyotakiwa," muuzaji akasema.

Wakati wa kuteremka ulimi wa Kaka ulirudi. Akaniambia niweke nyutro, gari liteleze bila gia, ndiyo njia ya kubana mafuta. Muuzaji akasema hapana, likiwa kwenye gia na mguu umeuondoa, injini hizi zinajifungia mafuta zenyewe, ila kwenye nyutro lazima ziendelee kunywa ili zisizimike. Nikaliacha kwenye gia.

Kituoni nilisimama pampu ileile, gurudumu kwenye alama ileile, nikajaza tena. Mama alishuka akaja kusimama kando yangu, macho kwenye namba. Pampu ikajikata. Lita zilizoingia hazikufika hata nusu ya zile nilizozoea kuongeza kwenye gari letu tukitoka kulekule.

"Usinidanganye," Mama akasema. "Ongeza."

Nikabonyeza mbele yake. Ikajikata tena.

Alizitazama namba kwa muda. Kisha akanishika mkono, ule wenye harufu ya petroli.

"Jumatano naumwa, mwanangu," akasema. "Naumwa sana."

Kaka alisikia. Akamgeukia muuzaji, akamwambia tunachukua la bluu, na linahitajika kabla ya Jumatano.