Sauti ya Cephas

Moshi mwembamba ulipanda kutoka kwenye bodi ya simu, na hapo Machuki akajua ameiua. Akazima kipulizo cha hewa moto. Akabonyeza kitufe cha kuwasha, akabonyeza tena. Giza.

Asubuhi, Nyanchama alikuwa ameileta kwenye kibanda cha Machuki cha kutengeneza simu, sokoni Rangwe, imenyeshewa, imezima kabisa.

"Ndani kuna sauti ya marehemu mzee wangu, Cephas," alimwambia. "Alinitumia akiwa kazini Migori, wiki ile aliyofariki. Ukiona ni ngumu nitaipeleka Homa Bay, kuna fundi mwenye mashine kubwa."

"Wacha nijaribu, Mama."

Na iliwaka! Machuki akaifungulia ile sauti, akaisikiliza yote. Angeweza kuihamishia kwenye kompyuta papo hapo, ikawa salama. Lakini spika ilikwaruza na kioo kilikuwa na mstari, naye alitaka kumkabidhi simu nzima, asifiwe mbele za watu. Akachukua kipulizo ili abandue spika ile.

Sasa Nyanchama alikuwa mlangoni, kitambaa safi cha kuifungia simu mkononi. Machuki angeweza kusema ililetwa ikiwa imekufa. Nani angejua?

"Mama, iliwaka," alisema, macho chini. "Halafu nikaiunguza mimi mwenyewe."

Nyanchama aliitazama simu pale mezani.

"Uliisikia?"

"Niliisikia."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Nyanchama akaketi taratibu kwenye benchi. "Mimi sijawahi kufika mwisho. Akitaja jina langu tu, nazima. Najiambia, kesho." Akakikunja kitambaa. "Alisema nini, fundi?"

Aibu ikamrudia Machuki. Alikuwa akisikiliza spika, si mtu. Maneno matamu ya kumtulizia mjane yalimjia yenyewe, akayameza.

"Alikohoa. Akasema huko kuna joto. Akasema siku atakayorudi usimngoje kula, atachelewa. Halafu akacheka. Mengine sikuyashika, Mama. Nisamehe."

Nyanchama hakusema amesamehe. Alifuta shavu kwa kiganja.

"Alicheka vipi?"

Nje, mashine ya kusaga mahindi ilinguruma. Machuki aliinuka, akauvuta mlango wa mabati hadi kelele ikafifia. Alipogeuka, Nyanchama alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha, sikio likimwelekea yeye.