Uzi, Wembe au Chokaa

Siku ya nne Nayere alipokosa kwenda shule, nilimwambia kwamba asiponieleza anaumwa nini nitamleta daktari mpaka chumbani kwake. Alikuwa amelala ameelekea ukutani, shuka limemfika puani. Alinigeukia akasema, "Baba, nina ndevu."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Akashusha shuka, mwanga wa dirishani ukampiga usoni kutoka upande, nami nikaona. Juu ya mdomo kulikuwa na mstari mweusi kama wa mvulana wa miaka kumi na minne, na kidevuni nywele saba au nane, ndefu na ngumu. Mimi nilikuwa msoma mita za umeme hapa mjini Kashan kwa miaka ishirini na sita. Nimesoma tarakimu ndogo kuliko punje ya ufuta katika vyumba vya chini visivyo na taa, na hakuna aliyewahi kuirudisha hesabu yangu. Lakini uso wa binti yangu, ambao nilikula nao mkate kila siku, sikuwa nimeusoma.

Kidogo kidogo nikapata habari yote. Shuleni walikuwa wakimwita Bwana Nayere. Wakimpisha mlangoni na kumwamkia kwa sauti nene. Yote hayo aliyavumilia tangu majira ya baridi. Jumamosi, ambayo kwetu ndiyo siku ya kwanza ya wiki ya masomo, alikuta juu ya dawati lake wembe mpya, umefungwa kwa karatasi ya daftari kama zawadi. Hapo akachukua mkoba wake akarudi nyumbani, na hakutaka kwenda tena, wala sasa wala siku ya mtihani.

Mitihani ya mwisho ilikuwa imebaki siku tisa. Nayere alikuwa na miaka kumi na saba, mwanafunzi wa pili katika darasa lake, na alitaka kwenda chuo cha ualimu Isfahan. Asipofanya mitihani ile hapati cheti, na bila cheti hakuna chuo. Mama yake, marehemu Batul, angejua la kufanya. Alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na mambo kama haya aliondoka nayo.

Kwetu msichana haguswi uso mpaka wiki ya harusi yake. Hapo ndipo huitwa mwanamke wa uzi, anayeng'oa nywele kwa uzi uliosokotwa, jamaa wa kike wakakusanyika, wakapiga vigelegele, bibi harusi akatolewa vinyweleo vyote vya mashavuni kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo ukiona uso uliosafishwa unajua huyu ni mke wa mtu. Na shuleni kwake naibu wa mwalimu mkuu, Bibi Moini, alisimama langoni kila asubuhi akiwainua wasichana videvu kwa kidole kimoja. Mwaka uliotangulia alikuwa amemrudisha msichana nyumbani kwa sababu ya nyusi alizozitinda.

Basi nilihitaji njia ambayo wenzake wasione nywele, na Bibi Moini asione kwamba zimeondolewa.

Nilianza na wembe, kwa kuwa ndio nilioujua. Nilimwambia Nayere kwamba ni kazi ya dakika mbili na hauumi. Akageukia ukuta tena, nami nikaona nilivyokuwa mpumbavu kumletea kitu kilekile alichowekewa mezani. Siku ya pili nikaenda hamamuni, kwenye bafu la umma, kumuuliza mtumishi wa siku nyingi habari za chokaa, ile tunayojipaka sisi wanaume mwilini na nywele zikaoshwa na maji. Nilikuwa nimefikiri vizuri: haina uzi, haivuti, haiachi vinundu. Yule mzee aliniuliza ni ya wapi mwilini. Nikasema usoni. Akanitazama, akasema ngozi itatoka pamoja na nywele, na kwamba mwanamume wa umri wangu hapaswi kuyafanya hayo. Alidhani ni kwa ajili yangu. Sikumsahihisha.

Kisha nikaenda maktaba ya mji, nikakaa nusu siku na kitabu kinene cha afya ya nyumbani. Niliandika kila njia katika daftari langu, faida mkono wa kulia, hasara mkono wa kushoto. Sukari iliyochemshwa na ndimu, hung'oa na mizizi, huacha wekundu. Nta, vivyo hivyo. Koleo dogo, huuma na huchukua muda. Ya mwisho katika ukurasa ilikuwa ya kupausha: nywele haziondolewi, hubadilishwa rangi tu zikafanana na ngozi. Niliisoma mara tatu. Ilikuwa kana kwamba mtu aliiandika kwa ajili ya Bibi Moini.

Duka la dawa lilikuwa na maji ya oksijeni na amonia vya kupaushia. Nilichanganya mwenyewe ndani ya kisahani cha chai, nikihesabu matone, Nayere akinishikia saa. Alikuwa amekubali kwa mara ya kwanza, hata akacheka aliponiona nimevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Nikampaka kwa pamba. Alisema inachoma. Nikamwambia kitabu kimesema dakika kumi. Machozi yalikuwa yakimtoka kwa ile harufu, lakini alikaa mpaka dakika ya kumi ikatimia.

Tulipoosha, nywele zilikuwa zimekuwa za rangi ya zafarani. Ngozi ya Nayere ni ya maji ya kunde, ya upande wa mama yake. Akiwa chumbani zilionekana kama ameramba asali. Akitoka uani kwenye jua, ziliwaka. Alijitazama katika kioo kwa muda mrefu, mimi nikiwa nimeshika kisahani.

"Sasa wataniita Mjerumani," alisema, kisha akaingia chumbani akafunga mlango kwa ndani.

Zilibaki siku tatu. Nilikwenda kwa dada yangu Akram, nikamweleza yote, jambo ambalo sikupenda, maana Akram hushauri kama anavyokamua nguo. Aliniuliza kwa nini sikuja tangu siku ya kwanza. Akaniuliza kama kuna nyumba nyingine katika Kashan nzima ambamo mzee mwenye mvi anampikia binti dawa ya nywele. Kisha akavaa baibui lake, akasema yeye ataimaliza kazi leo kabla ya chakula cha mchana, nami nikae barazani kwangu nisome gazeti.

Nilikaa barazani. Sijui nisingekaa ningefanya nini.

Akram alimpeleka Nayere kwa Bibi Ozra, mwanamke wa uzi wa mtaa wa nyuma. Bibi Ozra alikataa. Alisema hamgusi msichana asiye na mume kama hana ruhusa ya mama yake, na mama yuko makaburini. Hapo Akram akamwambia kwamba ndoa ya Nayere imeshafungwa, kimyakimya kwa sababu ya msiba katika familia ya mume, na kwamba mume ni mwanawe mwenyewe Akram, aliyekuwa jeshini Zahedan. Bibi Ozra akampongeza. Akampaka Nayere unga mweupe, akaukamata uzi kwa meno, akaanza kazi. Wanawake wawili wa jirani waliokuwa wamekuja kwa ajili ya nyusi zao wakapiga vigelegele, na Akram, kwa kuwa hakuna harusi isiyo na utamu, akatuma lozi za sukari zinunuliwe.

Haya yote Akram alinisimulia aliporudi, amefurahi. Nikamuuliza kama anajua alichokifanya. Akasema, "Kaka, ulitaka uso safi. Huo hapo. Maneno ya wanawake yatapita."

Nayere alikuwa amesimama nyuma yake. Mashavu yalikuwa mekundu kidogo, na uso wote umekuwa mwangavu, macho makubwa kuliko nilivyoyajua. Alikuwa Batul kabisa, wa mwaka tuliooana. Jioni ile alifungua vitabu vyake kwenye ukingo wa hodhi, akafanya hesabu hadi giza lilipoingia, akiimba mdomoni.

Asubuhi ya mtihani wa kwanza nilimsindikiza. Nilikuwa nimevaa koti langu la sherehe. Langoni wasichana walikuwa wakiingia mmoja mmoja, na mmoja wao alipomwona Nayere alimgusa mwenzake kiwiko. Hakuna aliyecheka. Bibi Moini hakumwinua Nayere kidevu. Alimwambia tu asimame kando, nami nikasimama naye.

Wote walipokwisha kuingia, Bibi Moini alitupeleka katika chumba kidogo cha mlangoni. Hakuwa mkali. Alinipa kiti na kuniita Bwana Habib, kwa heshima, kwa kuwa nilikuwa nikisoma mita ya nyumba ya baba yake. Alisema wamepata habari kwamba Nayere ameolewa, na lozi ziliwafikia mpaka walimu. Alimtakia heri. Lakini mke wa mtu, alisema, hasomi na wasichana wa mchana. Sheria ndivyo ilivyo. Faili lake litahamishiwa masomo ya jioni, na mitihani atafanya na wale wa jioni, mwisho wa kiangazi.

Mwisho wa kiangazi chuo cha ualimu kingekuwa kimeshafunga orodha yake.

Nilimwambia kwamba hakuna ndoa. Nilimweleza, nikiwa mtu mzima mwenye mvi, habari ya dada yangu na ya Bibi Ozra, na ya zafarani pia, maana nilipoanza sikuweza kukata katikati. Nayere alikuwa akitazama sakafu. Darasani walikuwa wamekwisha kugawa karatasi, nilijua kwa sababu kelele zote zilikuwa zimenyamaza.

Bibi Moini alifikiri. "Kama hana mume," akasema, "basi kwa nini uso wake uko hivi?"

"Walikuwa wakinicheka," Nayere alisema.

Bibi Moini aliinuka. Alikwenda kwa mwalimu mkuu, tukabaki wawili. Nilimwambia Nayere asiwe na wasiwasi. Saa ya ukutani ilikuwa imekwenda dakika kumi na nane Bibi Moini aliporudi na karatasi nyeupe na kalamu, akaviweka mbele yangu. Akasema mwalimu mkuu amekubali Nayere aingie, leo na siku zote za mitihani, kama mzazi ataandika ahadi ikae katika faili. Maneno angenisomea yeye, niandike kwa mkono wangu.

Yalikuwa haya: kwamba mimi, baba wa mwanafunzi huyu, nakiri uso wa binti yangu uliguswa kinyume cha heshima ya msichana, na naahidi hautaguswa tena kwa uzi, kwa wembe wala kwa dawa, mpaka siku atakayoolewa.

"Baba, usiandike," alisema Nayere.

"Mtihani umeanza, mwanangu."

"Najua umeanza. Usiandike."

Nikamtazama Bibi Moini nikidhani atapunguza neno moja. Alikuwa akitazama saa, na hakuwa akiitazama kwa ubaya. Karatasi za mitihani zilikuwa tisa, katika wiki tatu. Bibi Ozra alikuwa amesema nywele hurudi katika wiki mbili, na za kidevuni mapema zaidi, yaani kabla ya karatasi ya mwisho. Nilitafuta neno la kumwambia Nayere, kitu ambacho baba aliyesoma anaweza kumwambia binti yake, na kichwani mwangu hamkuwa na kitu ila muda uliokuwa ukipita.

Nikaandika. Mwandiko wangu ni mzuri, watu wengi wamewahi kuusifu, na siku ile pia ulitoka mzuri. Nikaweka jina na sahihi na tarehe.

Nayere aliivuta karatasi akaisoma yote, toka juu mpaka kwenye sahihi, polepole, kama mtu anayesoma swali kabla ya kulijibu. Kisha akachukua kalamu mkononi mwangu, kwa kuwa yake alikuwa ameisahau nyumbani, akaingia darasani.