Jani Lenye Bitana

Basi siku hiyo sanduku la vyuma vya kazi lilikuwa limeshafutwa vumbi, limefungwa kamba, limekaa mlangoni kama mgeni anayesubiri kusindikizwa. Mnunuzi alisema atapita saa kumi. Mwenye sanduku, fundi wa magari ambaye mtaa mzima ulimwita Spana mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika, alikaa kwenye kiti cha plastiki akijifanya hana habari. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mwaka wa pili huu, uso wa mtu anauona kama unapita nyuma ya kioo cha bafuni. Fundi asiyeona, alijiambia, hana tofauti na kinyozi anayetetemeka mkono. Bora apumzike kabla hajakata mtu sikio.

Mdogo wake wa kike akaingia, mshonaji wa nguo, futi ya kupimia nguo inaning'inia shingoni.

"Kaka, gari langu linamisi. Likipanda kidogo tu linakwama-kwama kama lina kwikwi."

"Peleka gereji."

"Si ndiyo nimeleta."

"Gereji imefungwa, mdogo wangu. Huoni sanduku?"

"Mimi naona. Wewe ndiye huoni."

Wote wawili wakaangua kicheko. Ndivyo walivyolelewa hao.

"Haya, tuwekeane dau," mshonaji akasema. "Likipanda kilima cha tangi la maji bila kukohoa, sanduku haliuzwi. Likishindwa, nambebea mnunuzi mwenyewe, kichwani."

Spana akasonya, lakini alishasimama.

Waliacha injini ipoe, kisha akafungua plagi zote nne kwa kupapasa. Ncha zilikuwa zimelika, zimekuwa butu kama penseli ya mtoto mvivu. Wakaenda nazo duka la spea. Muuzaji akamwaga plagi mpya juu ya kaunta.

"Zote plagi tu, mzee. Ukifunga zinawaka."

Spana akalaza ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu, akapitisha kidole gumba kwenye uzi, ile mistari ya kufungia. "Hii uzi wake mrefu. Nikiifunga, pistoni itakuja kuigonga kichwa."

"Umejuaje, na wewe hu..."

"Malizia tu."

"Samahani, mzee."

Boksi la pili uzi ulikuwa sawa, ila namba, mshonaji alipoisoma kwa sauti, ikapishana na ya zamani tarakimu moja. Spana akatikisa kichwa. Namba hiyo ndiyo inayosema plagi inavumilia joto kiasi gani, ukikosea inaungua au inajaa masizi. Boksi la tatu likakubali kila kitu. Kutoka pale mgongo wa Spana ulikuwa umenyooka, wala mwenyewe hakujua.

Nyumbani akatoa fila, kile kifaa chenye majani ya chuma ya kupimia mwanya wa plagi, pale cheche inaporukia.

"Kwenye boksi wameandika zimeshapimwa," mshonaji akasema.

"Na nguo za dukani wanaandika zinakutosha."

Dada mtu akamsogezea plagi ya kwanza.

Jani analolitaka Spana alilitia alama ya msumeno zamani, kwa hiyo alilipata kwa ukucha. Kila mwanya ulilibana. Akainua ulimi wa chuma ulio juu ya mwanya kidogo kidogo, mpaka jani likapita kwa kukwaruza kidogo tu. Zote nne. Akaanza kuzifunga kwa mkono, akamalizia kwa spana. Gari likawaka, likatulia, likanguruma kama paka aliyeshiba.

Wakaenda kilimani. Katikati ya mpando gari likakohoa, likaruka, likagoma. Wakarudi kinyumenyume, mshonaji kwenye usukani.

"Basi," Spana akasema walipofika nyumbani. "Umeona mwenyewe." Akaweka fila juu ya sanduku, iende na wenzake.

Mshonaji akaichukua. Hakuwa na nia yoyote, ni mazoea tu ya vidole vyake, kila kitu lazima akisugue kama anachagua kitambaa. Akasimama hapo hapo.

"Kaka. Hili jani lina bitana."

"Lina nini?"

"Ni mawili. Nguo mbili zikilaliana mimi najua, hata uzipige pasi." Akapenyeza ukucha. Majani yakaachana, katikati grisi ya miaka miwili imekauka kama gundi.

Spana akalipokea lile jani, akalisugua taratibu. Kumbe mwanya aliouacha ulikuwa karibu mara mbili ya unaotakiwa. Gari likiwa tambarare cheche inaruka, likibebeshwa mzigo inashindwa.

"Hivi wewe unashona kwa kuangalia?" akauliza.

"Sindano naiangalia. Kitambaa nakisikia."

"Basi macho hayakuniponza. Vidole vililala."

Akayaosha majani kwa petroli, moja moja, akiyahesabu kwa gumba. Saa kumi mnunuzi akafika. Spana akamwambia asubiri, injini ya moto haifunguliwi plagi, uzi utang'oka. Wakasubiri. Mnunuzi akaangalia saa, akaangalia sanduku, akakaa juu yake. Injini ilipopoa, Spana akagonga kila ulimi taratibu kwenye ubao, akapima, akagonga, akapima, macho ameyafumba kabisa.

Kilimani walikwenda watatu. Pale katikati mshonaji akakanyaga mafuta. Gari likapita. Likapanda hadi kwenye tangi, sauti moja mwanzo mpaka mwisho.

Mnunuzi akajikuna shingo. "Sasa mzee, lile sanduku?"

"Lina kazi kesho."

"Kazi gani?"

"Lile gari ulilokuja nalo. Nililisikia wakati unaegesha. Linamisi."

Waliporudi, mshonaji akatoa mkasi mfukoni, akakata kamba ya sanduku, akaizungusha vizuri kwenye kiganja.

"Hii naichukua," akasema. "Nina majora ya kufunga."