Ua la Dada

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu jembe alipewa siku ile ile aliyofika, tena kabla hajavua viatu. Alikuwa na miaka kumi na minne. Mama mwenye nyumba akamwonyesha jiko, akamwonyesha beseni la nguo, kisha akamshika bega. "Humu ndani hatuna mfanyakazi," akamwambia. "Watoto watakuita Dada." Basi, neno hilo likamshibisha miaka ishirini na miwili.

Watoto wenyewe walikuwa wanne. Wakakua, wakatawanyika, akabaki yeye na Mama. Mama alipopooza upande wa kushoto, Dada ndiye aliyejifunza kumgeuza kitandani: mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, halafu unahesabu mpaka tatu. Ukikosea, Mama anapiga yowe. Dada hakosei.

Sasa Mama alikuwa anatimiza miaka themanini, na Kaka Mkubwa akaamua familia nzima ikutane. Akaja na karatasi na mfuko uliojaa utepe.

"Dada, tushonee maua ya kubandika kifuani. Kila ua liandikwe mtu ni nani, maana watoto wetu hawa hata hawajuani."

Karatasi ilisema: Mama mmoja. Kaka watatu. Dada mmoja. Shemeji watatu. Wajukuu kumi na mmoja.

Pale kwenye "Dada mmoja" alipasoma mara tatu. Mama alikuwa na binti mmoja tu wa kumzaa, Kitinda, aliyeko ng'ambo mwaka wa tisa huu, na kila mwaka anakuja kwa simu tu. Akauliza, ili awe na hakika: "Na Kitinda?"

Kaka Mkubwa akatazama pembeni. "Kitinda safari hii haji."

Haya, dada mwingine ni nani basi? Hesabu hiyo hata mtoto anaiweza.

Mchana, Mama akisinzia, Dada alikaa sakafuni kando ya kitanda, akashona. Utepe wa satini unaukunja mkunjo juu ya mkunjo, unapitisha uzi kwenye ukingo wa ndani, kisha unavuta taratibu mpaka utepe unajizungusha kuwa duara. Ukivuta kwa pupa uzi unakatika, uanze upya. Katikati unashonea kitambaa chenye neno, nyuma unaweka pini. Maua ya wajukuu aliyashona harakaharaka, mengine yakatoka yamekwenda upande. La DADA alilifumua mara mbili. Herufi zake alizidarizi kwa uzi wa manjano aliouomba kwa fundi cherehani, jirani yao.

"Dada yupi huyo anayemaliza uzi wangu mzuri?" fundi akamtania.

"Mimi."

Fundi akakata uzi kwa meno. "Shoga, wameandika jina lako?"

"Dada ndilo jina langu."

"Mmh! Haya."

Dada aliondoka pale amenuna. Wivu huo, akajisemea, watu hawapendi kuona mwenzao anapata.

Siku ilipofika, alimwogesha Mama, akambandika ua lake, kisha akaingia chumbani kwake nyuma ya jiko. Akavaa gauni lake la kutokea, akabandika la kwake, akajitazama kwenye kioo cha mkononi. Herufi zilisomeka kinyume, lakini alizijua. Akacheka peke yake kama chizi, akatoka nalo sebuleni kichwa juu.

Kaka Mkubwa alikuwa ndiyo anaingia, anaburuta sanduku la magurudumu, na nyuma yake Kitinda, analia huku anacheka. Nyumba nzima ikapiga vigelegele.

"Niliwaficha wote!" Kaka Mkubwa akapaza sauti. "Nilitaka Mama ashtuke!"

Kisha akageuka, akaliona ua kifuani kwa Dada, akatabasamu. Na jamani, tabasamu lile halikuwa na ubaya hata chembe. Heri lingekuwa nao, angalau angepata wa kumchukia.

"Dada bwana, una akili wewe! Umelivaa lisije likapotea." Akalibandua kwa uangalifu, asije akachana gauni, akambandika Kitinda. "Chai tayari?"

Ilikuwa tayari. Akarudi jikoni, kifuani pamebaki vitundu viwili vya pini. Akapanga vikombe, akajiambia: hawa hawajui, Mama anajua. Mama ndiye aliyenipa jina. Ataniita, na wote watasikia. Aling'ang'ania hilo kwa sababu hakuwa na lingine.

Na kweli, Mama akaita. "Dada!"

"Abee, Mama!" Sauti mbili zikaitika kwa pamoja, moja kando ya kitanda, nyingine jikoni. Watu wakaangua kicheko. Dada akafika mlangoni mwa chumba mbio, kitambaa cha vyombo mkononi. Kitinda alikuwa ameinama, na Mama analipapasa lile ua kwa mkono wake mzima.

"Si wewe, mwanangu," Mama akasema, ulimi mzito. "Wewe pumzika, umetoka mbali. Namtaka dada wa kazi, aje anigeuze."

Miaka ishirini na miwili, hakuwahi kulisikia jina lake likiwa na mkia ule.

Watu wakampisha. Akapitisha mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, akahesabu mpaka tatu. Hakukosea.

"Asante, Dada," Mama akasema.

Hakuitika.